Kutoka Likoni Hadi Nachingwea: Siku Nane za Kumkumbuka Judy na Kusi

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea Mombasa, nikitumia daftari dogo nililokuwa nikiandika kila jioni pamoja na picha za simu, ambazo nyingi ni za barabara, tikiti na sahani za chakula. Tulisafiri watu wawili: mimi, mwalimu wa sekondari na mkazi wa Mji wa Kale, na ami yangu mwenye umri wa miaka 71, ambaye kwa miaka 19 aliongoza mbwa wa kunusa katika kazi ya ulinzi. Tulikuwa tukienda Nachingwea, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, mahali alipofia na kuzikwa mbwa jike aitwaye Judy tarehe 17 Februari 1950. Judy ndiye mbwa pekee aliyesajiliwa rasmi kuwa mfungwa wa vita wa Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia, na Februari 2025 ilitimia miaka 75 tangu azikwe katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki, jambo ambalo watu wengi wa pwani hii hawajapata kulisikia.

Ijumaa, 14 Februari 2025: Mombasa

Asubuhi nilivuka feri kwenda kumchukua ami nyumbani kwake Likoni. Nilimkuta ameketi barazani, kofia kichwani, mkoba wa nguo miguuni, na nje kabisa ya kizingiti kulikuwa na gunia dogo lililofungwa kwa kamba ya makumbi.

"Sabalkheri, ami."

"Sabalkheri, mwanangu. Lile gunia utalibeba wewe, lakini usiliingize ndani kwako."

Ndani ya gunia mlikuwa na bakuli la alumini lililobonyea upande mmoja, bakuli alilonywea maji mbwa wake wa mwisho, Kusi, aliyefia kazini mwezi Machi 2003. Jina hilo alimpa mwenyewe kwa sababu mbwa huyo alizaliwa wakati upepo wa kusi ulipokuwa ukivuma. Wenzangu wa pwani hawahitaji kuelezwa kwa nini gunia lilikaa nje. Kwetu, tunaofuata madhehebu ya Shafii, kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo huwa kwa udongo. Hivyo kwa miaka yote ile 19 palikuwa na kopo la udongo kando ya bomba la uani kwa ami, naye hakuwahi kupita mlangoni kabla ya kujiosha na kubadili nguo za kazi. Wapo majirani waliomwonea haya kwa kazi yake. Yeye hakupata kuona kwamba kopo lile lilimzuia kumpenda mnyama, na mara nyingi alitukumbusha, sisi watoto, hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake kwa tendo hilo.

Habari za Judy nilimletea mimi. Nilikuwa nikitayarisha somo kuhusu mradi wa karanga wa Waingereza katika Tanganyika nikakutana na jina lake, na jioni ile nilipomsimulia ami, swali lake la kwanza lilikuwa: "Walimzika na nini?" Nikamwambia kwamba mwenziwe, Frank Williams, alimvika koti lake la jeshi la anga la Uingereza. Ami alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema tutakwenda.

Mchana, baada ya sala ya Ijumaa, tulipita kwa miguu kwenye sanamu ya Askari katika barabara ya Jomo Kenyatta, iliyosimamishwa kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ami alizunguka msingi wake wote akitafuta majina. Hakuna hata jina moja la mpagazi, ingawa walikufa kwa maelfu mengi. Alisema kwamba ikiwa binadamu waliobeba mizigo ya vita walisahauliwa majina, basi haishangazi kwamba mnyama wake hana hata kibao. Niliyaandika maneno hayo nikiwa nimesimama pale pale kando ya barabara, kwa kuwa ndiyo hasa yaliyotutoa nyumbani.

Usiku alilala kwangu, tukala samaki wa kupaka na mkate wa mofa. Gunia lililala nje, juu ya jiwe la mlangoni.

Jumamosi, 15 Februari: Mombasa hadi Dar es Salaam

Basi liliondoka Mwembe Tayari saa 12:20 asubuhi, dakika 50 baada ya muda ulioandikwa kwenye tikiti. Nauli ilikuwa shilingi 2,200 za Kenya kwa kila mtu. Tulivuka Likoni kwa feri, tukapita Ukunda na Msambweni huku jua likipanda, na kufika Lunga Lunga kabla ya saa 3.

Mpakani, upande wa Horohoro, tulikaa saa mbili na nusu. Abiria mmoja alikuwa amekuja na kitambulisho cha taifa peke yake, na ilibidi dereva asubiri hadi jambo lake likaamuliwa, ambalo liliishia kwa yeye kurudishwa. Atakayefuata njia hii achukue pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani vyote viwili tuliulizwa. Fedha tulibadilisha kwa vijana wa mpakani kwa shilingi 19 za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya; ukiwa na subira, utapata bei nzuri kidogo mjini Tanga.

Katika kusubiri huko ndipo nilipomsimulia ami mwanzo wa maisha ya Judy kwa utaratibu. Alizaliwa Shanghai mwaka 1936, mbwa wa aina ya pointer, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, akachukuliwa na mabaharia wa meli ndogo ya kivita ya Uingereza iliyoitwa HMS Gnat, kisha akahamia HMS Grasshopper. Singapore ilipokuwa ikianguka mikononi mwa Wajapani, Grasshopper ilishambuliwa na ndege na kuangamia tarehe 14 Februari 1942. Walionusurika walijikuta katika kisiwa kisicho na maji ya kunywa. Judy alipita ufukweni akinusa, akaanza kufukua mchanga mahali palipokuwa pameachwa na maji kupwa, na chini yake yakabubujika maji matamu.

Ami alinisimamisha hapo na kunieleza kwa makini, kama anayefundisha, kwamba mbwa hanusi kama sisi tunavyonusa. Mbwa hutenganisha harufu moja na nyingine hata zikiwa zimechanganyika, kama vile wewe unavyoweza kusikia sauti ya mama yako katikati ya soko la Kongowea. Maji ya chumvi yalikuwa na harufu yake na maji matamu yalikuwa na yake, na Judy alizisikia zote mbili kwa pamoja. "Lakini kunusa tu hakutoshi," akasema. "Alijua pia kwamba watu wake wana kiu. Hilo hakufundishwa na mtu."

Tanga tulikunywa chai kwa chapati, shilingi 2,000 kwa wawili. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ami alilala, nami pia. Tuliingia kituo cha Mbezi saa 2 usiku na kupata gesti ya shilingi 25,000 umbali wa kutembea. Mhudumu alipoambiwa kuna chombo kisichofaa kuingia chumbani, hakuuliza neno, akalipokea gunia na kulitundika kwenye msumari nyuma ya banda la jenereta.

Jumapili, 16 Februari: Dar es Salaam hadi Masasi

Mabasi ya kusini huondoka mapema mno. Letu lilitoka saa 11:30 alfajiri, nauli shilingi 38,000 za Tanzania. Kata tikiti siku moja kabla na uombe kiti cha upande wa kushoto, kwa maana jua la mchana hupiga kulia muda mwingi wa safari. Tulivuka mto Rufiji kwa daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, maji yakiwa mengi na mekundu kwa mvua za bara.

Kijana mwanajeshi aliyekuwa likizo alikaa jirani na ami. Alipojua tunakokwenda na sababu yake, alicheka kwa furaha na kusema, "Mzee wangu, sisi Tanzania shujaa wetu ni panya." Alikuwa akisema kweli. Panya buku aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufunzwa Morogoro, alinusa na kuonyesha mabomu ya ardhini 71 huko Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na shirika la Uingereza la PDSA, na alikufa Januari 2022 akiwa amekwisha kustaafu. Shirika hilo ndilo lililoanzisha Nishani ya Dickin mwaka 1943, kwa wazo la mwanzilishi wake Maria Dickin, ili wanyama wanaotumika vitani watambuliwe. Nishani yenyewe imeandikwa maneno yenye maana ya "Kwa Ushujaa" na "Nasi Pia Twatumikia". Judy alivikwa nishani hiyo Mei 1946. Ami na kijana yule waliendelea kuzungumza hadi Ikwiriri juu ya namna ya kumfundisha mnyama kutulia anapokipata anachokitafuta asikiguse, ami akionyesha kwa mikono, na abiria wa viti vya nyuma wakainuka kusikiliza.

Somanga tulisimama. Eneo hili barabara ilikatwa na maji Mei 2024, na tulipofika kazi ya ujenzi ilikuwa ikiendelea kwa hiyo magari yalipita upande mmoja kwa zamu. Mvua ilipoanza, lori moja likakwama, na foleni ikaganda kwa saa tatu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ming'oko ya kuchemsha alimwona ami akiangaza macho huku na huku wakati wa adhuhuri. Alimletea ndoo ya maji ya udhu, akatandika mkeka wake mwenyewe chini ya turubai, na alipomaliza kusali alikataa fedha kabisa. "Baba, maji hayauzwi kwa msafiri," alisema. Tulinunua ming'oko ya shilingi 3,000, mingi kuliko tuliyoweza kumaliza, tukawagawia waliokuwa karibu. Ladha yake ni kati ya kiazi na muhogo, na huliwa kwa chumvi na pilipili.

Katika saa zile tatu nilisoma kutoka kwenye daftari sehemu ya pili ya habari. Baada ya kisiwa, Judy na mabaharia walitembea kukatisha msitu wa Sumatra, wakafika Padang meli ya mwisho ikiwa imekwisha kuondoka, wakatekwa. Katika kambi ya Gloegoer, mjini Medan, Agosti 1942, Frank Williams, askari wa kawaida wa jeshi la anga, alimwona mbwa huyo amekonda akizunguka miguuni mwa wafungwa, akampa chakula chake chote cha siku ile, konzi ya wali. Tangu hapo hawakutengana. Kwa kuwa walinzi walitishia kumuua kila mara, Frank alisubiri hadi mkuu wa kambi alipokuwa amelewa, akamwahidi mtoto wa Judy awe zawadi kwa mwanamke wake, na kwa njia hiyo akapata hati ya kumtambua mbwa kuwa mfungwa, kwa namba 81A Gloegoer Medan. Mfungwa aliyeandikwa hakuweza kuuawa ovyo.

Mwezi Juni 1944 wafungwa walipohamishwa kwa meli, mbwa alikatazwa kupanda. Frank akamfundisha kuingia ndani ya gunia la mchele kwa ishara moja na kukaa humo bila kutikisika. Siku ya safari alisimama kwenye jua kwa saa kadhaa na gunia begani, na walinzi walipita mbele yake wasijue. Meli hiyo ilipigwa na kombora la nyambizi tarehe 26 Juni. Frank akamsukuma Judy nje kupitia dirisha dogo la duara, na mabaharia waliookolewa walisimulia kwamba walimwona akiogelea kutoka kwa mtu hadi mtu, akiwaelekeza waliokuwa wakizama kwenye vipande vya mbao.

Hapa ami alishusha kioo cha dirisha, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha. Aliniambia kwamba kumfundisha mbwa kubweka ni kazi ya siku chache na kumfundisha kukaa ni wiki, ila mbwa kunyamaza ndani ya giza la gunia, katikati ya joto, akisikia sauti za watu waliokuwa wakimpiga mateke, hilo halifundishiki kwa chakula wala kwa kamba. "Alinyamaza kwa sababu aliusikia moyo wa yule mtu mgongoni," alisema. Mimi si mjuzi wa mbwa, bali maelezo hayo nimeyakubali.

Basi halikufika Nachingwea usiku ule. Lilitushusha Masasi karibu na saa 5, mji umelala, na mlinzi wa kituo akatupeleka kwa miguu hadi kwenye gesti ya shilingi 20,000, ambako dada wa zamu aliwasha tena jiko la mkaa kutukaangia mayai.

Jumatatu, 17 Februari: Nachingwea

Kutoka Masasi hadi Nachingwea tulipanda gari dogo la abiria saba lililobeba kumi na mmoja, kwa shilingi 5,000 kila mmoja. Mvua ilikuwa imelainisha kingo za barabara, mikorosho ilikuwa imeng'aa, na udongo ulikuwa mwekundu kama wa Taita. Ukija Februari, chukua viatu vya kufunga. Ndara za Mombasa hazifai kwa tope la huku.

Nachingwea ina historia nzito kuliko ukubwa wake. Hapa palikuwa kambi ya FRELIMO wakati wa ukombozi wa Msumbiji. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, hapa ndipo Waingereza walipofyeka pori kwa mitambo mikubwa wakitaka kulima karanga, wakajenga reli hadi bandari mpya ya Mtwara, na mwaka 1951 wakauacha mradi wote ukiwa umemeza pauni milioni 36. Frank Williams aliajiriwa katika mradi huo, akaja na Judy mwaka 1948. Mbwa aliyezaliwa China, akazama mara mbili karibu na Sumatra na kukaa karantini miezi sita Uingereza, aliishia kukimbiza wanyama wa porini Lindi. Mwanzoni mwa mwaka 1950 alipotea, na alipopatikana alikuwa hoi. Katika hospitali ya Nachingwea alipasuliwa kwa ajili ya uvimbe, kisha pepopunda ikamshika, na ikabidi apumzishwe. Alikuwa na umri wa karibu miaka 14. Frank alimzika na koti lile la jeshi, kisha akatumia miezi miwili kujenga kumbukumbu ya mawe juu ya kaburi na kuweka bamba la chuma lenye habari za maisha yake.

Tuliuliza sokoni, tukauliza kwa wauza kahawa, na hatimaye tukapelekwa kwa mzee wa miaka 86, Mmwera, aliyekuwa mtoto wa miaka 11 wakati huo. Tulimwamkia shikamoo, hata ami akamwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti nzito na kutukaribisha kwenye mkeka. Alikumbuka ngurumo za matrekta, kwamba ardhi ilitetemeka hadi vyungu vikagongana ndani ya nyumba. Alikumbuka mbwa wa Wazungu, wengi. Judy kwa jina hakumkumbuka. Alitutembeza polepole, kwa fimbo yake, hadi kwenye tuta lililokuwa la reli iliyofungwa mwaka 1962, ambalo sasa lina nyasi na njia ya baiskeli, akatuonyesha kwa mkono upande ambao Wazungu wa karanga walikuwa wakiishi. Jiwe la Frank hatukulifikia. Nilihuzunika, na nilidhani ami atavunjika moyo, lakini yeye alimwuliza mzee kama kuna mwembe karibu.

Tulikaa chini ya mwembe huo kusubiri mvua ipungue. Ami alitaka nimsomee majina ya wengine, na nilikuwa nimeyaandika. Kisiwani Guam yapo makaburi ya mbwa 25 wa kikosi cha wanamaji wa Marekani waliokufa katika mapigano ya mwaka 1944; mnara wao ulizinduliwa mwaka 1994, sanamu ya mbwa aina ya Doberman amelala kichwa juu, na majina yote yamechongwa. Wa kwanza kufa kati yao, Kurt, aliwaonya wanajeshi 250 kwamba adui yuko mbele. Ami alilirudia jina, "Kurt," kama anayeita. London, kando ya Park Lane, upo ukuta wa kumbukumbu ya wanyama wote wa vitani tangu mwaka 2004, wenye maandishi yasemayo kwamba wao hawakuwa na hiari. Nilisoma pia habari za Vietnam, ambako Marekani ilipeleka mbwa wapatao 4,000 na wengi wa waliobaki hai waliachwa huko vita vilipokwisha, wakihesabiwa kuwa vifaa, hadi sheria ya mwaka 2000 ilipofungua njia ya mbwa wastaafu kuchukuliwa na walioishi nao.

"Vifaa," alisema ami. Kisha akanieleza habari ya Kusi, ambayo kwa miaka 22 hakuwa amemwambia mtu wa nyumbani.

Ilikuwa miezi michache baada ya shambulio la hoteli ya Kikambala la tarehe 28 Novemba 2002, na kila mahali palitakiwa kukaguliwa. Mbwa wa kunusa hufanya kazi dakika 20 hadi 30, kisha lazima apumzishwe kivulini na kunyweshwa, kwani anapohema kwa joto hawezi kunusa vizuri. Siku ile, bandarini, safu mbili za makontena zilikuwa zimekwisha, ami akaomba kupumzika, akaambiwa imalizwe na ya tatu. Ilikuwa saa 7 mchana, msimu wa kaskazi, na chuma kilikuwa kikiwaka. Chupa ya maji ilikuwa tupu. Katikati ya safu ya tatu Kusi akakaa.

Mbwa wa mabomu akikaa, amepata. Hiyo ndiyo ishara yake: habweki wala hagusi, hukaa na kutazama. Ami aliinua mkono, watu wote wakaondolewa, naye akampongeza mbwa kama ilivyo desturi kwa kumrushia mpira wake. Kusi hakuudaka. Mpira ulimgonga kifuani ukabingirika chini ya kontena, naye akaendelea kutazama mbele, na hapo ami akaelewa kwamba alikuwa amekaa kwa sababu miguu ilikuwa imemwishia. Aliita maji. Waliokuwa na maji walikuwa nyuma ya utepe, na hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka hadi ihakikishwe kwamba hakuna bomu. Ami alimbeba mwenyewe, kilo 29, hadi kwenye bomba, lakini alichelewa. Kusi alizikwa jioni nyuma ya mabanda, na mahali hapo leo pamesakafiwa kwa zege.

Nilimwuliza kama anamlaumu mtu. Alijibu kwamba aliyemwamrisha alikuwa na wakubwa wake pia, na kwamba kamba ilikuwa mkononi mwake yeye.

Mvua ilipungua. Ami alifungua gunia, akatoa bakuli, akalimiminia maji ya chupa tuliyonunua sokoni na kuliweka chini ya mwembe, akaketi mbali kidogo. Alikuwa amekusudia kuliacha juu ya kaburi la Judy. Tulikaa labda nusu saa. Mbwa wa kijiji, wa rangi ya mchanga, mbavu zikionekana, alikuja kwa kunyata, akatazama pande zote, akanywa hadi bakuli likasogea kwa kulambwa. Mzee wa Kimwera alitaka kumfukuza, ami akamshika mkono kwa upole: "Mwache, kaka yangu. Ni mgeni wetu." Mbwa alipoondoka ami aliliosha bakuli kwa udongo na maji, akalirudisha guniani. Alisema Judy alijengewa jiwe na mtu wake, na bakuli hili lina mtu wake pia.

Mchana tulikula ugali wa muhogo na kisamvu kwa mzee. Alikataa tulipie chochote, na alipokea tu pakiti ya haluwa ya Mombasa niliyokuwa nimeibeba. Nawashauri wote wanaokwenda kusini wabebe mbili au tatu.

Jumanne hadi Alhamisi, 18–20 Februari: njiani

Tulirudi kwa njia ile ile, tukalala Lindi na Dar es Salaam, na Somanga safari hii tulipita kwa dakika 20. Jumla ya matumizi yetu wawili, nauli, malazi na chakula, ilikuwa kama shilingi 27,000 za Kenya. Ukihesabu siku nane, ongeza nyingine mbili za mvua.

Ijumaa, 21 Februari: Mombasa

Baada ya sala tulikwenda Mwembe Tayari kwa mchora vibao, kijana mwenye kibanda kilichojaa makopo ya rangi. Ami alichagua bamba dogo la bati, rangi ya kijani, herufi nyeupe.

"Niandike nini, mzee?"

"Kusi."

"Kusi ya upepo, au ni jina la duka?"

"Ni mbwa. Alifanya kazi bandarini. Andika na mwaka, 2003."

Kijana alimtazama ami, akamtazama na kofia yake, kisha akachovya brashi na kuikung'uta ukingoni mwa kopo. Aliandika polepole kuliko nilivyotarajia, akairudia herufi ya K mara mbili ili kingo zinyooke. Alitoza shilingi 500.

Kibao kimefungwa kwa misumari miwili kwenye ukuta wa uani kwa ami, Likoni, juu ya bomba, mahali lilipokuwa kopo la udongo. Jumamosi asubuhi nilivuka feri kumpelekea picha za safari. Hakuwapo, alikuwa amekwenda sokoni. Bakuli lilikuwa chini ya kibao, upande uliobonyea umegeuzwa ukutani, limejaa maji hadi ukingoni.